Rola nyepesi, za kiwandani au nzito: skuta ya Mbeya na Iringa ivalishwe zipi?

Skuta inayotoka Ipogolo kupanda Iringa mjini ikiwa na abiria hujitambulisha kwa sauti. Mwanzoni inavuta, halafu mlima ukikaza injini inashusha mlio, inaunguruma kwa uzito, na spidi haiongezeki hata ukivuta mafuta mpaka mwisho. Fundi mmoja atakuambia weka rola nyepesi. Mwingine atasema rola nyepesi zinakula mafuta na kuchosha injini. Wanaweza kuwa sahihi wote wawili, inategemea umepunguza gramu ngapi na skuta inashinda wapi.

Kwanza tujue rola inafanya nini, maana wengi wanainunua wakidhani inaongeza nguvu. Variata ni puli ya mbele, imekaa kwenye kranki. Ndani yake kuna vyumba, mara nyingi 6, kila kimoja na rola yake. Injini ikizunguka, rola zinatupwa nje, zinapanda mteremko wa chumba na kuisukuma nusu ya puli ije kuubana mkanda. Mkanda unapanda juu mbele, unazama nyuma, na skuta inakuwa imeingia gia kubwa. Upande wa nyuma kuna springi kubwa inayopinga, ikisaidiwa na njia za mshazari zilizochongwa kwenye shingo ya puli ya nyuma. Njia hizo zinaubana mkanda zaidi kadiri injini inavyovuta kwa nguvu. Kwa hiyo rola haizalishi nguvu hata kidogo. Inaamua tu injini iwe inazunguka kiasi gani wakati mkanda unaanza kupanda.

Nyanda za juu zinaingilia hapo. Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi, na msukumo wa hewa ni pungufu kwa takribani asilimia 18 ukilinganisha na pwani. Injini ya kabureta iliyoandikwa nguvu ya farasi 10 inabaki na 8 na kitu. Hilo wengi wanalijua. Lisilosemwa sana ni kwamba injini ikivuta kwa nguvu ndogo, zile njia za mshazari za nyuma nazo hazikazi kama zilivyopangwa. Rola za kiwandani, zilizochaguliwa kwa ajili ya tambarare, zinaishinda puli ya nyuma mapema mno. Skuta inaingia gia kubwa kabla injini haijafika kwenye mzunguko wenye nguvu. Ndiyo maana rola zilezile zinazofaa Dar es Salaam zinaonekana nzito Uyole, Mbeya, bila kuongezeka hata nukta ya gramu.

Sasa gramu zenyewe. Nguvu ya kutupwa nje inategemea uzito wa rola na mraba wa mzunguko, kwa hiyo ukipunguza uzito, mzunguko hauongezeki kwa uwiano uleule, unaongezeka kwa kipeuo cha pili cha uwiano huo. Tuchukue mfano wa injini ya aina ya GY6 ya cc 150, ile iliyojaa kwenye skuta za Kichina, ambayo kilele chake cha nguvu kiko karibu na mizunguko 7,500 kwa dakika. Tuseme ina rola za gramu 12 na inapanda mlima ikishikilia mizunguko 6,500:

| Uzito wa kila rola | Mzunguko utakaoshikiliwa | Tabia barabarani |
|---|---|---|
| gramu 13 | 6,250 | kimya, uvivu mlimani |
| gramu 12 | 6,500 | kama ilivyotoka kiwandani |
| gramu 11 | 6,800 | tofauti inasikika ukiwa na abiria |
| gramu 10 | 7,100 | inachanganya haraka, mlima inauweza |
| gramu 9 | 7,500 | iko kwenye kilele, haina akiba |
| gramu 8 | 7,950 | kelele nyingi, mwendo mdogo |

Hizo ni hesabu za karatasini. Skuta yako itatofautiana kidogo kwa sababu ya springi, mkanda na uchakavu, lakini mpangilio ndio huo. Angalia kwamba kutoka 12 kwenda 10 unapata mizunguko 600, na bado uko chini ya kilele. Kutoka 9 kwenda 8 unavuka kilele: injini inapiga kelele zaidi bila kuvuta zaidi. Wanaosema rola nyepesi zinaua injini huwa wamekutana na skuta za namna hiyo, zilizoshushwa gramu 4 kwa mpigo.

Kwa skuta inayofanya kazi mjini Mbeya, Mwanjelwa, Soweto, Kabwe, Forest, na inabeba mtu nyuma, chaguo letu ni kushuka kwa gramu 1 mpaka 2 kwa kila rola chini ya zile za kiwandani. Iringa ni vivyo hivyo. Njombe na Makete, ambako ni juu zaidi, gramu 2 ndiyo ya kuanzia. Kwa skuta ndogo za cc 50, ambazo rola zake za kiwandani ni nyepesi tangu mwanzo, gramu 1 ni nyingi. Shuka nusu gramu kwanza. Ukumbuke ni uwiano unaohesabika: kutoa gramu 1 kwenye 12 na kutoa gramu 1 kwenye 6 ni mambo mawili tofauti kabisa.

Rola za kiwandani zibaki kwa anayeendesha peke yake kwenye barabara nyoofu, au anayeishi Kyela na bonde la Usangu. Kule Kyela ni kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, injini inapumua vizuri, na hakuna mlima wa kukupa sababu. Rola nzito kuliko za kiwandani hazina kazi huku kwetu. Zinafaa skuta iliyoongezwa cc au inayokimbia tambarare muda wote kwa nia ya kupunguza mlio na mafuta. Ukiziweka ukaelekea barabara ya Chunya, inayopanda mpaka zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari kabla ya kushuka upande wa pili, utaisukuma.

Hofu ya mwendo wa mwisho inahitaji maelezo kidogo. Mwendo wa mwisho unategemea mkanda unapanda mpaka wapi kwenye puli ya mbele. Rola nyepesi hazifupishi njia hiyo. Zinachelewesha tu kufika. Kama injini ina uwezo wa kufikisha mzunguko unaotakiwa, mkanda utafika juu kama kawaida. Zikiwa nyepesi kupita kiasi, mkanda haufiki ukingoni kamwe, na hapo ndipo unapoteza kilomita 10 za spidi. Kuna kipimo cha bure cha kulijua hili: chora mistari mitatu ya maka peni kwenye uso wa puli ya mbele unaoguswa na mkanda, kutoka katikati mpaka ukingoni. Funga, endesha kwa kuvuta mafuta mpaka mwisho kwenye barabara nyoofu, fungua. Wino utakuwa umefutika mpaka pale mkanda ulipofika. Ukibaki zaidi ya milimita 3 au 4 kutoka ukingoni wakati rola za kiwandani zilikuwa zinafuta karibu wote, umepunguza mno.

Kabla ya kununua chochote, pima ulichonacho. Skuta nyingi zinazoletwa kwa fundi kwa ajili ya rola zina ugonjwa wa mkanda. Mkanda wa GY6 huandikwa namba kama 743-20-30: urefu wa milimita 743, upana 20, pembe ya nyuzi 30. Kuna skuta za cc 150 zinazotumia 842-20-30, na za cc 50 zenye 669-18-30 au 729-17.7-30, kwa hiyo usinunue kwa kukisia, soma namba ya ule wa zamani. Pima upana wake kwa vernia. Ukishapungua milimita 1, badilisha. Mkanda mwembamba unazama zaidi kwenye puli zote mbili: skuta inaondoka kwa gia kubwa kuliko inavyopaswa, na mwendo wa mwisho nao unapungua. Hakuna rola itakayorekebisha hilo.

Halafu rola zenyewe. Zikiwa na ubapa, hazibingiriki, zinaburuzika, na skuta inakwama kwenye gia moja kisha inaruka. Rola mpya ya GY6 kubwa ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 14. Ile ya cc 50 ni 16 kwa 13. Ikipungua nusu milimita popote, seti nzima itoke. Na ukinunua mpya, zipime uzito moja moja. Namba iliyopigwa kwenye rola za bei nafuu si ya kuaminika, utakuta seti ya gramu 10 yenye moja ya 9.6 na nyingine ya 10.4. Unahitaji mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, ile ndogo ya wapima dhahabu. Kwa jirani wa Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu, kukosa mizani hiyo si kisingizio. Tofauti ndani ya seti isizidi gramu 0.2.

Kama dukani hakuna gramu unayotaka, changanya. Tatu za gramu 10 na tatu za gramu 12 zinafanya kazi kama sita za gramu 11, mradi uzipange kwa kupishana: nyepesi, nzito, nyepesi, nzito. Ukiziweka tatu tatu upande mmoja, variata inakosa mizania, inatetemesha kranki, na beringi ndiyo italipa. Kuchanganya ni njia nzuri ya kujaribu, na hakuna ubaya ikibaki hivyo moja kwa moja.

Kuna pia slaidi, zile zisizo duara kamili, zenye pande bapa. Badala ya kubingirika zinateleza. Ukilinganisha na rola za mviringo, slaidi hazipati ubapa wa kuchakaa kwa namna ileile, na umbo lake hufanya mkanda upande juu kidogo zaidi mwishoni. Bei yake ni kubwa na feki ni nyingi. Kasoro yake kubwa ni kwamba zina upande mmoja tu wa kukaa. Ukiigeuza hata moja, variata inakwama nusu na fundi ataanza kulaumu springi. Kwa skuta ya kazi, yenye kubeba abiria na gunia la viazi kila siku, rola nzuri za mviringo zinazobadilishwa kwa wakati zinatosha. Slaidi ni za mwenye kufungua mwenyewe na kufunga kwa makini.

Springi ya puli ya nyuma ndiyo mshindani halisi wa rola, kwa sababu nayo inapandisha mzunguko. Madukani zinauzwa kwa namba 1000, 1500 na 2000, na 1500 ya kampuni moja si lazima ilingane na ya nyingine. Faida yake kubwa ni kurudi gia ndogo haraka unapopunguza mwendo kwenye kona ya mlima kisha ukavuta tena. Mlima Nyoka utaiona tofauti. Lakini springi inakaza muda wote, hata ukiwa tambarare kwa mwendo wa taratibu, kwa hiyo mkanda unapata joto na kuchakaa mapema, na ikiwa ngumu mno inazuia mkanda usizame nyuma, basi mwendo wa mwisho unakufa kweli. Rola ni nafuu kuijaribu na kuitoa. Springi inataka kufungua klachi yote, na ile nati nyembamba ya nyuma, kwenye GY6 ni ya 39, ikiachia bila kushikwa, springi inaruka na kumuumiza mtu. Tunashauri uanze na rola. Ukiona bado skuta inachelewa kurudi gia ndogo katikati ya mlima, weka 1000. Ya 2000 waachie wa mashindano.

Springi ndogo tatu za klachi ni jambo jingine, ingawa wauzaji huzifunga pakiti moja na ile kubwa. Hizi zinaamua klachi ishike lini. Ngumu zaidi zinasubiri injini ipige resi kubwa kwanza, na kuondoka kwenye mwinuko kunakuwa na nguvu. Huku kwetu zina ubaya ambao mtu wa tambarare hawezi kuujua: klachi iliyochelewa kushika pia inawahi kuachia. Ukishuka kuelekea Kiwira umefunga mafuta, injini ndiyo inakusaidia kushikilia skuta. Klachi ikiachia mapema, skuta inaserereka huru na breki peke yake inabeba mzigo wote mpaka inanuka. Rola nyepesi zinafanya kinyume, zinaishikilia skuta kwenye gia ndogo kwa muda mrefu zaidi wakati wa kushuka. Kwa mtu wa mteremko hiyo peke yake ni sababu ya kuchagua rola na kuacha springi za klachi zilivyo.

Njia nyingine ya mkato ni washa (pete bapa ya chuma) nyembamba, nusu milimita mpaka milimita 1, kati ya bushi ya variata na puli ya mbele isiyosogea. Inaziachanisha puli, mkanda unaanzia chini zaidi, gia ya kuondokea inakuwa ndogo. Inafanya kazi ikiwa tu mkanda una nafasi ya kuzama. Kama tayari umelegea ukiwa umesimama, hupati kitu. Na hakikisha meno ya nati hayajapungua.

Kufunga ndiko kunakoharibu skuta kuliko gramu zozote. Fungua kava la upande wa kiki, bolti zake nyingi ni za spana 8. Nati ya variata ishikwe kwa kishikio cha puli au itolewe kwa mashine ya hewa. Usichomeke bisibisi kwenye mapezi ya feni, yanakatika. Toa vumbi jeusi la mkanda kwa maji ya sabuni, kausha. Rola kwenye skuta nyingi hukaa kavu. Grisi inashika vumbi na kuwa kama msasa. Zipo chache za Kijapani za zamani zenye sili zilizotiwa grisi kiwandani, hizo zirudishie kama ulivyozikuta. Upande wa rola uliofunikwa na nailoni ndio usukumwe na ukuta wa chumba variata inapozunguka, na zote zielekee upande mmoja. Lishike bati la nyuma, lile linalozifunika rola, kwa vidole mpaka variata iingie yote kwenye kranki, maana likirudi nyuma kidogo tu, rola inatoka chumbani na hutajua mpaka uwashe.

Kisha kosa linalokula kranki. Ukirudisha puli ya mbele huku mkanda umekaza, mkanda unabanwa kati na puli haifiki kwenye bushi. Nati inaonekana imekaza vizuri kumbe inaubana mkanda. Baada ya kilomita chache mkanda unajipanga, nati inalegea, meno ya kranki yanasagika, na hapo gharama ni ya kufungua injini. Dawa yake: zitanue puli za nyuma kwa mikono, sukuma mkanda uzame ndani, upate ulegevu mbele. Weka puli, izungushe kwa mkono, hakikisha imekaa kwenye meno yake, ndipo ukaze. Kwa GY6 ya cc 150, Nm 50 mpaka 60 zinatosha. Halafu izungushe injini kwa kiki taratibu mpaka mkanda upande wenyewe kabla ya kuwasha.

Kujua kama umepata, mita ndogo ya mizunguko inayozungushwa waya kwenye kebo ya plagi inatosha. Tafuta mlima mmoja na uzito uleule wa abiria, vuta mafuta mpaka mwisho, soma namba inayoshikiliwa. Chini ya 6,800 kwenye GY6, shuka gramu 1 nyingine. Ukifika 7,200 mpaka 7,400, acha hapo. Mzunguko ukipanda huku mwendo haupandi na kuna harufu ya mpira, mkanda unateleza: una mafuta, au maji yameingia kupitia gasketi ya kava, na mvua za huku zinakaa miezi.

Kabureta isisahaulike, kwa sababu hewa pungufu inafanya mchanganyiko uzidi petroli. Plagi ikitoka nyeusi yenye masizi makavu, shusha jeti kuu kwa namba moja au mbili, mfano kutoka 110 kwenda 105, kabla hujazilaumu rola. Skuta zinazopuliza petroli kwa sindano za umeme badala ya kabureta hujirekebisha zenyewe. Ila mwenye kabureta iliyoshushwa jeti kwa ajili ya Mbeya, akiteremka Kyela na mzigo, arudishe jeti kubwa kwanza. Kule chini hewa ni nzito, mchanganyiko unapungukiwa petroli, na injini inayopozwa kwa hewa kwenye joto la Kyela inaweza kubana pistoni. Rola zenyewe zinaweza kubaki. Atakachokiona ni mlio tu kuwa mkubwa kidogo njiani kuelekea Matema.